Pembetatu za Jovitus

Dada Kokulinda, shikamoo.

Natangaza rasmi kwa ukoo mzima kwamba nimechora pembetatu tatu.

Jovitus, yule aliyeniacha wiki moja kabla ya sendofu, sherehe ya kuniaga niolewe naye, amefungua mashine ya unga hapa Buzuruga, akaniomba nembo ya mifuko yake. Kuchora mabango kumenifundisha kwamba duara humtuliza mteja, na ncha kali humtia wasiwasi. Nikamchorea pembetatu nyekundu zilizochongoka kama meno ya mamba.

"Mbona kama sumu ya panya?" akauliza.

"Ndiyo mtindo wa kisasa, bosi," nikamjibu.

Akachapisha mifuko elfu mbili, nami nikakaa kungoja afunge mashine.

Dada, unga wake unaisha kila siku. Wenye maduka wanaumwaga kwenye beseni na kuupima kwa kilo, mteja haoni mfuko.

Mdogo wako,
Bernadetta