Udongo wa Shimo Letu

Mama,

Maharage yameiva, yafunike. ~~Hamissi akija, mpe ule udongo wa shimo akafyatulie matofali.~~ Hamissi akija, usimpe.

Asubuhi Soumaya alilia, akakataa kwenda kwenye mtihani wa hesabu. Alikuwa haelewi kwa nini kutoa nusu hasi ni kuongeza, na mimi na diploma yangu nikashindwa kumweleza. Halafu akalitazama shimo tunamojificha risasi zikilia.

"Dada, uwanja ni sifuri. Shimo limeshuka robo tatu ya mita. Tukiondoa nusu mita ya shimo, si tunatia udongo? Linabaki robo tu."

Chuoni sikuwahi kuliona hivyo. Sasa namsindikiza, ameshavaa viatu.

Udongo tuuweke. Siku moja tutaliondoa shimo lote.

Dada yake Soumaya