Mama Mkwe Anaomba kwa Sauti Ukumbini, Nami Nilisema Simjui

Mpendwa Shangazi Roseline,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana tangu juzi Alhamisi situlii, nikiketi nasimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi, hata chakula nakibandika mekoni na kukisahau. Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja, tunaishi Mowlem, na kazi yangu ni kusimamia ukumbi wa kusomea wa mtaa, pale vijana wanaojiandaa kwa mitihani huja na vitabu vyao kwa sababu nyumbani hakuna nafasi wala utulivu, na kanuni yetu kubwa ni moja tu, kimya. Kazi hii naipenda na naiweza, Shangazi. Wanaoongea na simu nawatoa nje, wanaokuja wamelewa nawatoa, na kuna mmoja alikuwa akila mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama, juu ya vitabu, nikazungumza naye polepole mpaka akaacha, na sijawahi kumwinulia mtu sauti.

Sasa mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi baada ya mzee wake kufariki kwao Siaya mwaka jana, na mume wangu Sylvance aliniambia siku ile ile alipofika, mama asiguswe roho, amepitia mengi. Nikakubali, na kwa kweli ni mwanamke mpole, huniita nyar Machakos, yaani binti wa Machakos, na mtoto anampenda. Lakini nyumba yetu ni vyumba viwili na mchana hubaki peke yake, kwa hiyo mimi mwenyewe nikamwambia, mama, ukichoka kukaa ndani njoo ukumbini, kuna magazeti na viti vizuri, na hapo ndipo nilipojiletea haya yote.

Mwanzoni alisoma Biblia yake bila neno. Kisha akaanza kunong'ona, kisha kusoma kwa sauti, na siku hizi akifika kwenye Zaburi anasimama, anafumba macho na kuomba kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, anataja walio hai na waliokufa, anawaombea hata hao vijana walioketi mbele yake, na wao wameziba masikio kwa vidole. Winny, binti anayerudia mtihani wa uuguzi, alikusanya vitabu vyake akatoka analia. Nimejaribu kumwashiria mama kwa kidole mdomoni, haoni, amefumba macho. Nikamtuma bawabu wetu Makau akamwambie, mama akamwombea na Makau pia, naye akarudi mlangoni kofia mkononi.

Nyumbani nashindwa kulitaja. Namwekea chai, neno liko ulimini, halafu ananiambia, "Nyar Machakos, leo niliwaombea watoto wako wa ukumbini, watapita wote," nami nasema asante, mama.

Alhamisi ndiyo iliyoharibu. Kijana mmoja, Ngigi, aliye na mtihani wa uhasibu, alisimama akagonga meza na kumfokea mama, "Mathe, nyamaza ama uende kanisani. Hapa si kwa babako." Ukumbi mzima ukageuka. Kisha akanigeukia mimi, "Madam, huyu mathe ni wa nani? Mbona hatolewi?" Na Bwana Luseno, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ambaye ndiye aliyeniajiri, alikuwa ameingia wakati huo huo, akasimama akinitazama akingoja jibu, nami nikafungua mdomo nikasema, "Simjui. Huja tu."

Mama alikuwa ameshafumbua macho. Alinitazama, akafunga Biblia, akachukua mkoba wake akatoka. Bwana Luseno akaniambia, "Jumatatu akirudi, wapigie askari wa kituo simu waje wamtoe. Kama wewe huwezi, tutatafuta anayeweza."

Tangu hapo mama hajamwambia mwanawe chochote. Ananisalimia, anakula, anamwogesha mtoto, ila haniiti tena nyar Machakos, ananiita "wewe." Na leo asubuhi nimemkuta akipiga pasi gauni analovaa akija ukumbini. Nikimzuia, Sylvance atajua nilivyomkana mama yake. Nisipomzuia, ama niwaite askari wamtoe bibi wa mtoto wangu, ama niachishwe kazi. Nifanye nini, Shangazi? Hata kuandika haya nimeandika nikitembeatembea.

Ni mimi, Nthenya, Mowlem

*

Nthenya,

Ujumbe wako uliingia Jumamosi na Jumatatu isingengoja gazeti litoke, kwa hiyo nilikupigia simu. Niliyokuambia nayaweka hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu wako wengi wanaosimamia foleni, zahanati na ofisi za watu, na siku moja anayevuruga huwa ni mtu wao.

Pole. Ulimkaribisha mama ukumbini kwa wema, na wema huo umekugeukia. Lakini nisikilize. Mla mutura ulizungumza naye kwa adabu mpaka akakuelewa. Mama mkwe ulimpa nini? Kidole mdomoni, akiwa amefumba macho. Kisha ukamtuma bawabu. Kazi unayoifanya vizuri kwa wageni ulimnyima mtu wa nyumbani mwako, ukadhani unamheshimu, na mwishowe akafokewa na mtoto wa watu mbele ya ukumbi mzima. Huko si kumheshimu, ni kumwogopa.

Mama naye amekosa, na usione haya kusema hivyo. Sala ni njema, lakini Winny naye ana maisha yake ya kutafuta, na msiba wa mama haumpi ruhusa ya kumnyima binti huyo mahali pekee penye kimya. Ngigi pia amekosa. Anayegonga meza na kumtukania mtu mzazi anavunja kanuni ile ile anayotaka wengine waishike. Mwite pembeni umwambie hivyo, akiwa peke yake. Na askari usiwaite. Askari ni wa mtu anayetishia wenzake au kuvunja vitu, si wa mjane mwenye Biblia.

Nilikuambia umweleze Sylvance kwanza, siku hiyo hiyo, pamoja na lile neno ulilosema. Kisha uketi na mama, uombe radhi bila kuweka "lakini" ndani yake, umwulize kwa nini anaomba kwa sauti, na usikilize mpaka amalize. Kanuni ya ukumbi uitaje baada ya hapo, waziwazi, kama unavyomtajia mtu mwingine yeyote. Jumatatu, kabla ya kufungua mlango, Bwana Luseno asikie ukweli kutoka kwako.

Jumapili jioni ulinipigia. Ulisema Sylvance aliuliza, "Kwa nini hukuniambia mapema?" Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulisema hunijui, na wakati ule nilikuwa nakuombea wewe." Ulilia, naye akakungoja umalize. Halafu akakueleza jambo ambalo hata mwanawe hakuwa amelifikiria. Mzee alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka masikio yake yakaharibika, na jioni zote za ndoa yao mama aliomba kwa sauti ili mzee asikie na kuitikia amina. "Sasa nikiomba kimyakimya," alikuambia, "naona kama nimemwacha."

Jumatatu ulimwambia Bwana Luseno. Alikukaripia kwa kumdanganya, na hapo alikuwa na haki, kisha akasema atakuangalia utakavyolimaliza. Mama alikuja, akasoma kimya, ukadhani yamekwisha.

Jumanne akasimama tena. Umenisimulia kwamba ulienda, ukasimama ubavuni pake, si mbele yake, ukamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tutoke nje kidogo." Hakukusikia. Ukarudia. Ngigi akauliza kutoka mezani kwake, "Kumbe unamjua?" Ukamjibu, "Ni mama mkwe wangu." Mama akafumbua macho, akatoka pamoja nawe, na mlipofika nje akakataa hata kukutazama, akarudi nyumbani peke yake. Jioni hakugusa ugali wako. Sasa unaniuliza kama umeharibu zaidi.

Hukuharibu. Ulifanya kazi yako na ulimtambua mtu wako, yote kwa pamoja, na ulitaka pia akushukuru siku hiyo hiyo. Hatakushukuru. Ameondolewa mahali alipokuwa akiongea na mumewe, na aliyemwondoa ni wewe. Mwache akasirike. Mwekee chakula chake mezani kila jioni, ale asile, na usimsihi.

Mtafutieni mahali pa kuomba kwa sauti. Umesema kanisa lenu lina akina mama wanaokutana katikati ya wiki, na huko hakuna atakayeziba masikio. Sylvance ampeleke mwenyewe, aombe ruhusa kazini kama ni lazima, maana mzee huyo alikuwa baba yake na jambo hili si lako peke yako. Jioni, baada ya chakula, mama aombe hapo nyumbani kwa sauti anayoitaka, nanyi mkae naye na kuitikia. Majirani wakigonga ukuta, Sylvance atoke akaongee nao. Na mkiona siku zinapita naye hapati usingizi, au anaanza kusahau yuko wapi, mpelekeni zahanati aonwe, msiseme ni uzee tu.

Ukumbini anakaribishwa kama msomaji. Akisimama tena, usingoje mpaka mtu agonge meza. Usimtume Makau. Nenda wewe.

Shangazi Roseline