Kokoto Kwenye Githeri

Mjukuu wangu Wanjiku,

Natumai u mzima huko Mombasa. Sisi hapa Juja tuko tu. Ng'ombe amezaa, na mamako anakusalimia sana.

Uliniuliza kwenye simu mbona mimi hubeba sahani yangu na kwenda kula juani. Nilipokuwa msichana niliwauzia githeri ya mahindi na maharagwe wachonga mawe kule kwari. Mchana walikula chini ya ukuta wa mwamba waliokuwa wakiuchimba, maana kivuli kilikuwa hapo tu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kaka yangu Kamau, naye mchonga mawe, akauma kokoto, akaitema.

"Wewe hata kuchagua maharagwe hujui!"

Wenzake wakacheka, kwa sababu nao walikuwa wameziuma. Nilikasirika, nikachukua sufuria yangu nikaenda kukaa mbali, juani. Nilikuwa nimewapa mgongo niliposikia ukuta ukiwaangukia.

Maharagwe nilikuwa nimeyachagua vizuri, Wanjiku. Zile kokoto zilitoka juu, na hakuna aliyeinua macho. Hata mimi sikuinua.

Sasa binamu yako Mwangi ameandikwa kazi kwenye kwari hiyo hiyo, na mvua imenyesha wiki nzima. Jana nilienda nikamkuta anakula na wenzake chini ya ukuta. Nikawaeleza yote, nikawaomba watoke. Walinisikiliza kwa heshima, wakasema, "Ni sawa, cucu." Kisha wakasogea, wakanipangusia jiwe ili nikae nao kivulini.

Cucu wako