Vumbi la Ulimbo kwenye Nyuzi Zangu

Jumamosi, 2 Juni 2018

Leo nimeipeleka fidla yangu kwa Mwalimu Sangiam. Nimeilaza mwenyewe mbele ya vinyago vya walimu wa kale, nikawasha ubani, nikapiga magoti mpaka yakalia kama mlango mbovu. Sasa haiguswi hadi Alhamisi ya tarehe kumi na nne, siku ya kuwasalimu walimu. Ndiyo desturi. Chombo kikishalala pale, hata mwenyewe hupigi. Kufuta tu ndiyo ruhusa — na mwaka huu mfutaji ni nani? Mimi! Fidla za bendi nzima. Mwalimu kasema hakuna mkono mwepesi kama wa Chaluai. Nilikuwa najua, lakini ni vizuri kusikia.

Kabla ya kuipeleka niliyeyusha ulimbo mpya. Ulimbo wa msonobari, wa manjano, nilioununua Bangkok, si ule mweusi wa wenzangu unaonuka kama lami ya barabara. Juu ya mshumaa, tone kwa tone, mpaka ukaganda kwenye kifuu cha nazi cha fidla, pale uta unapopita. Mnene kama kidole gumba. Unang'aa kama peremende! Sikuupitishia uta hata mara moja. Makusudi. Mfereji wake wa kwanza nataka ukatwe na Wimbo wenyewe.

Wimbo wa Mpigaji Mmoja. Mwalimu aliupokea kwa mwalimu wake, naye humpa mwanafunzi mmoja tu, kwa kumshika mkono juu ya uta mbele ya watu wote. Nimengoja miaka thelathini na moja. Nusu ya kwanza ameshanifundisha. Nusu ya pili ataimaliza kwangu kabla ya siku yenyewe. Mwezi wa nne aliniambia kwa kinywa chake: jiandae, mtoto. Mtoto! Nina miaka hamsini na saba. Nimepiga na kundi la michezo ya jukwaani mpaka Penang na Singapuri, nimekula kwenye hoteli zenye lifti. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, lakini wenye digrii hapa mjini kwetu Mae Klong wananiomba niwape wimbo.

Prayong alinisaidia kubeba. Yeye hupiga fidla nyembamba, mimi hii nene ya kifuu, tumekaa bega kwa bega tangu enzi tulipokuwa na viuno. Alilia. "Shoga, umefika," alisema. Nikamwambia usinililie kama maiti, nililie kama bibi harusi. Akacheka huku kamasi zinatoka.

Jumanne, 5 Juni

Bila fidla sina raha. Nafanyia mazoezi kwenye mpini wa ufagio, hapa hapa sokoni, kwenye meza yangu ya samaki. Mteja kaniuliza huo ufagio unaimba nini. Nikamwambia unaimba bei.

Mwalimu hajaniita kwa ile nusu ya pili. Labda kachoka. Miaka themanini na minne si mchezo.

Prayong hajapita siku tatu. Anasema bega — lile alilotegua alipoanguka ngazini mwaka wa mafuriko. Nimempelekea vikapu viwili vya makareli wa mvuke. Samaki wetu huwekwa kikapuni shingo imevunjwa, uso umekunjwa. Nikamwandikia kikaratasi: wamefanana na wewe, pona haraka.

Ijumaa, 8 Juni

Siku ya kufuta. Niandike kwa mpangilio.

Nilifika asubuhi na vifaa vyangu. Kitambaa kikavu cha pamba. Chupa ndogo ya spiriti. Kadi kuukuu ya kalenda, ya kuchomeka chini ya nyuzi, maana tone moja la spiriti likigusa ngozi ya ndama usoni pa fidla, kwisha habari. Unafuta kwanza kikavu, vumbi jeupe la ulimbo linatoka kama unga. Kisha spiriti kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Uzi unalia — kwii! — ukishalia umetakata.

Nilianza na za wenzangu. Uchafu! Mmoja ana ulimbo umeganda kwenye uzi mpaka unafanana na ukoko wa wali. Nilimtukana fidla yake ikanisikiliza.

Yangu nikaiweka mwisho. Nilijua ni safi, niliifuta mwenyewe kabla haijalala pale.

Nyuzi nyeupe pe! Vumbi limejaa mpaka kwenye ngozi.

Nikatazama ulimbo wangu. Ile peremende yangu. Imekatwa mfereji. Si mkwaruzo — mfereji, wa siku kadhaa na saa nyingi. Na umeinama. Umeshuka upande wa kulia kama paa la kibanda.

Mimi uta wangu huenda sawa kama kamba ya mwashi. Katika wilaya hii yote nawajua wapigaji wote, na ni mmoja tu anayevuta uta kwa mshazari, kwa sababu bega lake haliinuki.

Wilai, binti yake Mwalimu, alileta chai. Nikamuuliza nani amekuwa akiingia humu. Akasema labda panya, shangazi. Nikamwambia panya wa kwenu wamesoma, wanajua kushika uta! Hakucheka. Alimwaga chai kwenye mkeka, akaenda kutafuta kitambaa, hakurudi.

Nikafuta. Kazi ni kazi. Kitambaa chote kikawa cheupe. Nimekikunja, nimekuja nacho nyumbani. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Juni

Nimekwenda kwa Prayong. Alikuwa kibarazani anamenya balungi. Nikaangalia kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto. Alama ya uzi, mpya, nyekundu. Uzi mnene. Fidla yake yeye ina nyuzi nyembamba.

"Bega vipi?"

"Linauma tu, shoga."

"Umepiga nini siku hizi?"

"Nipige nini na bega hili? Chukua balungi, tamu."

Nikala. Lilikuwa tamu kweli, ndilo lililoniudhi zaidi. Miaka thelathini na moja! Mumewe alipomkimbia nilikaa naye miezi miwili, nikimchekesha mpaka akaanza kula. Mwanawe nimemshonea sare ya shule. Na ananiangalia usoni, ananimenyea balungi.

Mwizi! Bado sijamwambia. Kesho nakwenda kwa Mwalimu. Mwalimu atamwasha kwa maneno.

Jumapili, 10 Juni

Mwalimu hatamwasha mtu.

Pikipiki niliiacha barabarani, nikapita kwa miguu kwenye minazi, nipange maneno. Nikasikia Wimbo. Kwenye fidla yangu — mlio wake naujua, kifuu chake kilitoka kwenye mnazi wa baba yangu, kina nundu tatu, hakuna kingine chenye sauti ile ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kwa kufumba na kufumbua nilidhani ni mimi ninayepiga. Mjinga!

Halafu ukafika pale ninapoishia mimi. Haukusimama. Ukaendelea.

Nusu ya pili. Nimeisikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimesimama kati ya makuti makavu, kutoka mkono wa Prayong. Nzuri. Mungu wangu, ni nzuri. Nililia hata kabla sijakasirika.

Ukakatika. Sauti ya Mwalimu: rudia, usikimbie. Kisha Prayong, kwa sauti ndogo, anauliza Chaluai ataambiwa nini. Na Mwalimu, yule yule aliyeniita mtoto, anasema: Chaluai atacheka. Chaluai hucheka kila kitu. Wimbo huu unataka mtu anayejua kunyamaza, na yeye nikimpa leo, kesho ataupigia wauza samaki. Prayong akasema, lakini fidla ni yake. Mwalimu akasema fidla ni bora kuliko mwenyewe, tutaiomba kwa heshima.

Bora kuliko mwenyewe.

Niliondoka nikiwa nimevua viatu, kwenye nyumba iliyonifunza muziki, kama mwizi.

Na desturi je? Chombo kimelala mbele ya walimu! Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekiamsha.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeuza samaki. Wateja watatu wameniuliza kama ninaumwa, kwa sababu sijamtukana mtu.

Ni kweli niliwahi kuwapigia wauza samaki wimbo mmoja wa hekaluni. Mara moja! Mama Thongyip wa meza ya jirani alikuwa amefiwa. Aliniomba. Kama hiyo ni dhambi, na niungue nayo.

Jumatano, 13 Juni

Wilai kaja. Macho chini. Baba anakusalimu, shangazi. Anaomba kesho uwahi, ufute tena nyuzi za fidla yako, unyevunyevu umezitia vumbi. Unyevunyevu! Na anaomba kwa heshima fidla ipigwe na Prayong, na wewe ukae mbele, kiti cha wageni.

Nikasema haya. Akashtuka. "Haya tu, shangazi?" Alikuwa amejikaza kwa mvua, akakuta jua.

Baada ya yeye kwenda nimeitoa chupa ya mafuta ya nazi jikoni, nimeiweka kwenye mkoba. Kila mpigaji anajua. Mguso mmoja wa mafuta kwenye ulimbo, uta unateleza, fidla inakuwa bubu. Mbele ya watu mia mbili. Mbele ya vinyago. Hakuna atakayejua — nitasema panya.

Alhamisi, 14 Juni

Niko jikoni kwa Mwalimu, nyuma ya pazia. Nje ngoma zimeshaanza, moshi wa ubani unaingia mpaka kwenye masufuria. Fidla iko mapajani mwangu. Daftari hili liko juu ya gunia la mchele.

Nimefuta uzi wa kwanza. Kikavu, kisha spiriti. Ukalia. Nimefuta wa pili. Ukalia. Nilifungua chupa ya mafuta, harufu ikawa ya jikoni kwa mama. Niliishika muda mrefu. Nikaangalia kile kifuu cha baba yangu. Baba ana kosa gani?

Nimemimina mafuta kwenye sinki la Mwalimu. Kisha nikawasha mshumaa, nikayeyusha kipande cha mwisho cha ulimbo wa Bangkok, nikauziba ule mfereji ulioinama. Laini. Unang'aa. Sasa haionekani kama mtu amewahi kupiga.

Ndipo Prayong alipoingia. Amevaa nyeupe, maua mkononi. Akaona mshumaa, akaona ulimbo mpya, akaelewa kuwa najua kila kitu, bila kuambiwa — huyu ni mtu wangu wa miaka thelathini na moja. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akasema Mwalimu alimwapisha asiniambie. Akasema kila siku alitaka kusema, alikuja mara mbili mpaka mezani kwangu akarudi. Kisha akasema:

"Shoga, sema neno moja. Ukisema nisipige, sipigi. Natoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma."

Yuko mbele yangu bado. Naandika ili nisimtazame. Nje wametaja jina lake, mara ya kwanza. Wametaja mara ya pili. Wilai amechungulia, ameondoka.

Mimi, Chaluai, mdomo ambao haukukosa neno hata kwa polisi wa Penang, natafuta mzaha siupati. Natafuta tusi silipati. Mwalimu alisema sijui kunyamaza.

Maua yake yanadondosha maji. Wametaja mara ya tatu. Amenyoosha mikono miwili, haigusi fidla, anangoja tu, na mimi bado nimeikumbatia. Naweka kalamu chini, nimpe fidla bila neno.