Kiwanja cha Gofu cha Uani

Yumna na Usama,

Nimekwenda Wete kununua gundi ya nyasi bandia. Mihogo imo chunguni. Karafuu zianikeni kwenye majamvi, si juu ya kiwanja changu cha gofu. ~~Mkitaka kucheza, hata na viatu hapana neno.~~ Viatu vueni.

Babu yenu, aliyenicheka wiki nzima kwamba natandika zulia uani, asubuhi kadhani nimelala. Kavua makubadhi ukingoni kama anaingia msikitini, kaugonga mpira kwa bakora yake, ukaenda moja kwa moja mpaka shimoni. Nikatokeza. Akajifanya anatafuta kuku. Halafu akauliza, "Fundi katoka wapi?"

Nikamjibu, "Yumo humu humu ndani, baba. Ndiye anayekupikia."

Sasa kenda barazani kuwaita wenzake waje waone kazi ya mkwewe. Fagieni ua.

Mama yenu, fundi