Ulikuwa Unabaki na Ngapi?

Jumatatu, 3 Juni

Wamenipigia simu kutoka shule mpya ng'ambo ya mto. Wanataka mwalimu wa Kisanskriti kabla shule hazijafunguliwa. Tangu shule yetu ifungwe mwezi Machi, hii ndiyo simu ya kwanza. Nikiikosa kazi hii, nitaondoka Nashik niende Pune kwa binti yangu Ketaki, nikae chumba cha nyuma na kumwomba mkwe wangu hela ya miwani. Sitaki.

Fomu yao ina swali moja la utovu wa adabu: mshahara wako wa mwisho ulikuwa kiasi gani? Ambatanisha karatasi za mshahara za miezi mitatu.

Yawahusu nini? Wananilipa kwa kazi yao au kwa kazi ya wenzao?

Jumanne, 4 Juni

Nafasi ya jibu kwenye fomu nimeiacha wazi. Ketaki amenicheka kwenye simu. Mama, kila mtu anataja mshahara wake, huku ofisini kwetu usiposema hawakuiti hata kwa chai. Ambatanisha tu karatasi zako, yaishe.

Karatasi zangu! Rupia elfu arobaini na mbili, ndivyo benki ilivyoandika. Na kila mwanzo wa mwezi tulipanga foleni, walimu wazima na shahada zetu, kila mmoja na bahasha yake, tukimrudishia mweka hazina wa shule elfu ishirini. Aliziita mchango wa jengo. Jengo gani? Choo cha walimu hakikuwa na komeo. Na mchango mtu hutoa akipenda.

Nikiandika arobaini na mbili, nadanganya. Nikiandika ishirini na mbili, karatasi zangu zenyewe zitanisuta, na watanipa hiyo hiyo.

Chai imenishinda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda. Mweka hazina wao, Bwana Kolhatkar, ananiita Bai, kama wanafunzi wanavyowaita walimu wao wa kike. Mdomoni mwake neno hilo linanuka.

"Bai, mbona hapa kwenye mshahara hamna kitu?"

Nikamwambia mshahara wangu wa zamani ni jambo langu na wale wa zamani. Anitajie wa hapa.

Akamimina chai kwenye kisahani, akaipuliza taratibu. "Karatasi zako sizihitaji, Bai. Za karatasini nazijua, zimepangwa na serikali. Mimi nauliza ulikuwa unabaki na ngapi. Tusichoshane."

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya bilinganya kwa jirani kabla ya kwenda sokoni. Anataka kujua nimezoea kunyonywa kiasi gani, asije akaninyonya pungufu.

Nikachukua mkoba wangu. Akanipa hadi Jumatatu. Yupo mwingine, akasema, kijana, tena hana maringo.

Ijumaa, 7 Juni

Sathe, aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni kwetu, ananishauri niseme nilibaki na thelathini. "Mwongezee kidogo, dada. Kila mtu anaongeza, na yeye anajua. Atakata, mtakutana katikati."

Kwa hiyo sasa nipange mwenyewe bei ya kudhalilishwa kwangu. Nimeoga mara mbili leo.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Kolhatkar. Yule "mwingine" ameketi kando yangu. Anaitwa Mrunmayi, naye ni wa Kisanskriti, ana shahada mbili. Sari ni ya kuazima, haachi kuivutavuta.

Ameniinamia. "Samahani, Bai. Kule ulikuwa unabaki na ngapi? Nisije nikataja zaidi yako, nikakosa."

Nilitaka kumkemea. Badala yake nimemwambia: ishirini na mbili. Sijawahi kuitamka mbele ya mtu. Hata Ketaki hajui.

"Mimi kumi na nne," akasema, akitazama ndala zake.

Na leo utataja ngapi?

"Kumi na tano, Bai." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Nisamehe."

Nisamehe! Aombaye msamaha ni huyu, si yule aliyemo ndani anayepuliza chai.

Nimemwambia akunje fomu yake. Tunaingia pamoja, tunauliza mshahara wa hapa, hakuna anayetaja kitu. Anatafuna kucha.

Karani amefungua mlango, amemwita yeye. Mrunmayi amesimama, hajaenda. Ananitazama. Nami nimesimama, daftari mkononi.

"Mmoja mmoja, Bai," karani anasema. "Mmoja mmoja."