Mama wa Futi Sita

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. U hali gani huko uliko, na kifua chako kimepona au bado kinakusumbua kila hewa inapobadilika? Mimi mdogo wako ni mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama studio kutwa nzima. Watoto hawajambo, wanakula kuliko wanavyosoma. Baba naye ni mzima. Neno hilo lishike, maana nitalirudia mbele: anakula, anatembea, na jana alinigombeza kwa kuacha mlango wa jikoni wazi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Jirani yetu mshonaji anasafiri kuja huko, nikamwomba aibebe, kwa sababu ndani ya bahasha kuna kitu nataka ukishike kwa mkono wako. Halafu wewe kwenye simu unalia, nami nikikusikia unalia maneno yote yananikimbia. Haya ninayotaka kukuambia yanahitaji mtu aliyekaa chini akatulia. Yamenitia kinyaa, Dada, kinyaa ambacho hata nikisukutua hakitoki.

Ulipokaribia kutimia mwaka tangu Mama atutoke, kaka yetu mkubwa alikuja studio. Nitamwita Mheshimiwa kama tulivyomwita tangu hajaota kitambi. Aliingia na funguo za gari zinaning'inia kidoleni, akawapita wateja wote kwenye foleni, akaniambia anataka picha ya Mama yenye urefu wa futi sita na upana wa futi nne, ijaze ukuta wa sebuleni kwa Baba, pale kati ya dirisha na mlango. Hata maneno ya kuandika chini yake alikuwa nayo tayari: Mama alitukuza, nasi tunamkuza. Aliyarudia tena na tena, akinitazama kama nimeelewa, kwamba mtoto hukuzwa na picha nayo hukuzwa. Nikamwambia ni maneno mazuri. Na kweli ni mazuri, yangetoka kinywani mwa mtu mwingine ningelia.

Nikamwomba hiyo picha. Akafungua simu akanionyesha lile gari lake jeupe siku aliponunua. Yeye ameegemea mlango, miwani myeusi usoni, tumbo amelivuta ndani mpaka shingo imemtoka mishipa. Nikamwuliza Mama yuko wapi. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akavuta, akavuta tena, mpaka huko nyuma karibu na taa ya gari akatokea Mama, ndoo mkononi, kitambaa begani. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Alikuwa ametoka kuliosha hilo gari ili lipendeze kwenye picha.

Nikamwuliza kama hana nyingine. Hana. Tukampigia ndugu yetu wa pili, yule mpenda vioo, naye akatuma alizonazo: viatu vyake, sahani ya hotelini, kifua chake mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Mama hakuwamo hata kwa bahati mbaya. Zangu, unajua, zilikwenda na ile simu niliyoibiwa. Zako ni zile za siku ya safari yako, na mpigaji alikuwa Mama. Zile za karatasi za ujanani mwa Mama, Mheshimiwa alizikataa, eti hazina rangi na Mama amekonda kama mtu aliyenyimwa chakula. Nilikaa pale na picha za ndugu zangu mbele yangu nikazipitia tena moja moja. Mwanamke ametulea wanne mpaka tukaota ndevu na matiti, na mahali pekee alipobaki ni nyuma ya gari.

Basi nikamweleza Mheshimiwa kama ninavyowaeleza wateja kila siku. Picha ya simu ni nukta zilizopangwa. Zikiwa nyingi utaichapa kubwa, zikiwa chache utaichapa ndogo, na ukilazimisha, nukta zinageuka matofali na pua haitofautiani na shavu. Ni kama unga uliokandwa, ukiusukuma kupita kiasi unatoboka katikati. Tena ile picha ilikuwa imepita kwenye kundi letu la familia, na huko picha hupunguzwa ili isafiri upesi, na yenyewe halisi alikwisha kuifuta apate nafasi ya video zake za mpira. Tena imelala, upana umezidi urefu, na ukuta anaoutaka umesimama, kwa hiyo ama tukate gari, ama tumvute Mama awe mrefu kama mlingoti. Nikamwambia kwa saizi yake ya haki naweza kumtoa Mama mzima, na ndoo yake, kwenye karatasi ya inchi nne kwa sita, na hapo tutamtambua.

Alikasirika. Alisema Mama si mtu wa kuwekwa kwenye karatasi ya kiganjani kama anayeomba kazi. Alisema mimi siku zote nina roho ya kupunguza vitu. Kisha akavuka barabara na simu yake akaingia kwa fundi wa mabango, yule anayechapa matangazo ya sabuni na nyuso za wagombea, nami nikarudi kwenye foleni yangu.

Siku ya kumkumbuka Mama, sebule ilijaa. Shangazi walikuwepo wote, majirani, na wafanyakazi wenzake Mheshimiwa waliovaa kama wanakwenda harusini. Bango lilifunikwa kwa shuka. Mheshimiwa alihutubia mpaka chai ikapoa, kisha akavuta shuka. Dada, watu walishusha pumzi kwa pamoja. Mama alikuwa amesimama ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ngozi inang'aa, meno meupe yamepangana, mkoba mweusi wa ngozi mkononi. Shangazi mdogo alininong'oneza kwamba hakujua Mama alikuwa na mkoba mzuri hivyo. Nami niliweka trei ya vikombe chini nikapiga makofi na wenzangu. Kuna kitu kilinikwaruza moyoni, lakini nilidhani ni ile rangi wanayopakwa watu wa matangazo.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alilitazama lile bango kwa muda, akajiinua kidogo kwa heshima, kisha akaniita karibu. Aliniuliza, kwa adabu yake yote, kama yule mama mgeni amekwisha kukaribishwa, maana naona amesimama muda mrefu, akasema, na mkono una mzigo.

Wote walisikia. Mmoja wa wageni wa Mheshimiwa akacheka kwa pua, na kicheko kikapita chumba kizima. Mheshimiwa alicheka mpaka akatoa leso. Akamwinamia Baba kama anayesema na mtoto, akamwuliza kwa sauti kubwa, kweli Mzee, hata mkeo humjui? Baba aliitazama mikono yake na hakuinua macho tena mpaka watu walipoondoka. Nilitamani kumtemea mtu mate.

Yaliyofuata unayajua, maana simu ilipigwa kwako. Uliambiwa kwamba akili ya Baba imekwenda, kwamba hamtambui tena Mama, kwamba hawezi kuachwa peke yake akatuunguzia nyumba. Uliambiwa Mheshimiwa atamchukua akakae kwenye kile chumba cha nyuma ya gereji yake, na nyumba itapata wapangaji. Ulilia, ukasema kama amefikia kutomtambua Mama, basi na achukuliwe. Baba alipoambiwa, hakubisha. Alisema tu kwamba kama binti yake aliye mbali amesema aondoke, ataondoka. Mwisho wa mwezi huu pikapu inakuja kubeba kitanda chake.

Sitakulaumu. Nami usiku ule nilikuwa karibu kuamini. Nilianza kumchunguza Baba kama polisi. Nikamwuliza jina la shule uliyosomea, akalitaja na la mwalimu aliyekuchapa. Nikaficha chumvi, akaikuta na kuniuliza kama nimeanza kuzeeka. Kitu pekee alichokosea duniani kilikuwa mke wake. Nikasema hapana, hapa pana jambo.

Nikaenda nikasimama mbele ya bango peke yangu, mchana, dirisha wazi. Unakumbuka unyusi wa Mama wa kushoto, ulivyokatika katikati pale ukuni ulipomchoma? Huyu ana nyusi mbili nzima. Unakumbuka pengo lake la mbele, alilokuwa akipigia mluzi kutuita tukiwa mtaa wa tatu? Huyu hana pengo, hata uzi haupiti. Nikatazama macho, nikatazama masikio, nikarudi nyuma mpaka nikagonga meza. Dada yangu, ninajua umeiweka picha ile kwenye simu yako, na uliniambia kila asubuhi unaisalimia kabla ya kwenda kazini. Nisamehe kwa hili. Mwanamke yule si Mama. Si mtu yeyote.

Nilivuka barabara kwenda kwa fundi wa mabango. Hakuona haya hata kidogo, alijisifu. Aliniambia picha aliyoletewa ilikuwa haina uso wa kukuza, kwa hiyo aliiachia programu yake mpya ikisie. Imeona akina mama wengi, alisema, inajua sura ya mama inavyokuwa. Ikamtolea nyuso nne. Nikamwuliza nani aliamua ni upi. Akanionyesha kigoda. Kaka yako alikaa hapo na soda yake, akasema, akazitazama zote. Wa kwanza alisema ana mashavu mazito. Wa pili amechoka. Wa nne aliweka soda chini akamtazama, kisha akasema amezeeka mno, hatapendeza ukutani. Akamchagua wa tatu, na akaagiza ile ndoo igeuzwe mkoba.

Hapo ndipo nilipotoka nje nikatapika kweli, pembeni ya mtaro, watu wananitazama. Mheshimiwa alijua. Alipomwinamia Baba na kumwuliza kama hamjui mkewe, alijua kwamba ukutani hapana mke wa mtu. Alichagua mama kama anavyochagua tai, kisha akamcheka mzee wa watu kwa kusema kweli, na kicheko hicho hicho akakipeleka kwako kikawa ushahidi. Nilimfuata ofisini nikamwambia haya yote usoni. Aliniambia nipunguze sauti, kwamba watu wamependa picha, na kwamba hakuna atakayeniamini mimi na mzee asiyejua mkewe. Kwenye kundi la familia amekwisha kunitoa.

Nilirudi studio. Nikaichukua ile picha ya gari kama ilivyo, nikamkata Mheshimiwa na miwani yake, nikamwacha Mama kwenye karatasi ya inchi nne kwa sita bila kumwongezea chochote. Ana ukungu kidogo. Nikampelekea Baba bila kumwambia kitu. Aliishika, akaisogeza dirishani, akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika. Alisema hapo anamgombeza mtu aliyekanyaga miche yake ya nyanya, tazama kidole. Nami nilikuwa sijakiona hicho kidole, Dada, na ndimi niliyeichapa. Nikarudi kuitazama picha nzima: gurudumu la mbele la gari jeupe liko juu ya miche. Baba akaifuta picha kwa mkono wa shati, akaitia mfuko wa kifuani, akaniambia nikitaka nyingine nichape yangu.

Basi nimechapa yangu, na hiyo iliyomo kwenye bahasha ni yako. Tazama unyusi, unaonekana ukielekeza karatasi kwenye mwanga. Usiipige kwa simu ukaanza kuivuta kwa vidole. Usiikuze. Ishike karibu na macho, Mama atakuja mwenyewe. Kisha mpigie Baba, si Mheshimiwa, umwambie kwa kinywa chako kwamba abaki nyumbani kwake. Mimi nimesema mpaka sauti imekauka, lakini anayesubiriwa ni wewe.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie mama yao mdogo bado ana domo lile lile. Jitunze kifua, usilale na nywele mbichi. Mshonaji akikufikia mpe chakula kabla ya maswali, amesafiri njia ndefu na mzigo wetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kidomo

Nimeifungua tena bahasha kwa sababu Baba amesikia nakuandikia. Anakusalimia sana. Anauliza yule mama mgeni ataondoka lini. Nimemwambia kuna mtu aliye mbali tunamsubiri aseme.